Menya Huku Unanitazama

Mwalimu wetu wa timu ya vijana alichagua viungo kwa kisu cha jikoni. Nalisema hili mapema ili asiyetaka kuamini aachie hapa hapa na kuendelea na shughuli zake. Jumamosi baada ya mazoezi alikuita nyumbani kwake, akakukalisha kwenye kigoda jikoni, akakuwekea mbele ndizi mbichi na kisu, kisha yeye akasimama mlangoni na kusema, "Menya huku unanitazama."

Ukishusha macho kukiangalia kisu, hata mara moja, aligonga mwimo wa mlango kwa filimbi yake. Kila pigo lilikuwa kosa. Kuna waliomaliza ndizi tano bila kugongewa, na hao ndio aliowapanga katikati ya uwanja. Kuna waliogongewa mpaka mke wake, ambaye sote tulimwita Mae kama mama zetu, akaomba mlango wake uhurumiwe.

"Mama yako anamenya ndizi za kulisha watu kumi," Mwalimu alisema, "na wakati huo huo anagombana na jirani kuhusu mbuzi aliyeingia kwenye maharage. Umewahi kumwona anaangalia kisu? Wewe una mpira mmoja, hata makali hauna, na bado unauangalia utadhani utakukimbia. Inua kichwa, waitu."

Waitu kwetu ni neno la heshima, huambiwa wakubwa. Yeye alitubandika sisi wa miaka kumi na sita ili tukumbuke kwamba hatujalistahili. Na "inua kichwa" alilisema popote. Siku moja alimnong'oneza kipa wetu kanisani, wakati wa sala, na kipa akainua kichwa kweli, akakutana macho kwa macho na padri.

Watu wa Kashai, mtaa wetu pale Bukoba, walikuwa na maelezo yao. Walisema mzee amepata njia ya kumenyewa chakula bure, na kwamba Mae hajashika kisu siku ya Jumamosi tangu timu ya vijana ianzishwe. Mwalimu hakukanusha. "Klabu inapata viungo, mimi napata chakula cha mchana," alisema. "Aliyeumia ni nani?" Nasi tulikula naye mtihani wetu, umepikwa na maharage, kwa hiyo hatukuwa na nguvu ya kulalamika.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, siandiki. Najua kwamba Mhaya akikutana na Mhaya swali la kwanza ni ukoo, lakini yeye swali lake la kwanza lilikuwa unatumia mguu gani, na la pili ni nani anapika kwenu. Nami namlipa kwa sarafu yake. Alivaa koti la kijivu mvua na jua, lenye mifuko minne. Mmoja ulikaa filimbi, mmoja rozari, mmoja kile kisu alichokifunga kwenye kitambaa, na wa nne kifungu cha kahawa ya kutafuna kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba.

Mtihani wa kisu mimi sikuwahi kuufaulu kihalali. Kwetu Kashai tulipanga chumba na sebule, na kwa wiki mbili nilijifunza kumenya kwa ndizi za mama mpaka akauliza kwa nini maganda yanashiba kuliko sisi. Hatimaye nikagundua hila: nilimsubiri Mwalimu apepese macho, nikaiba mtazamo mmoja chini, nikarudisha uso wangu wa mtakatifu. Idadi ya mapigo ilipungua. Nilidhani nimemweza.

Nilichokiweza kweli kilikuwa kitu kingine, ambacho nilikichukulia mchezo. Tulipokaa jikoni watano kwa mstari, ndizi ya kwanza tu ilitosha nijue nani atapita na nani atagongewa. Tuliwekeana dau la maandazi, na nilikula maandazi ya wenzangu msimu mzima. Beki wetu wa kulia aliacha kukaa karibu nami, akidai nina uchawi.

Sasa niseme habari ya kahawa, maana ndiyo iliyotutesa.

Kwetu mgeni akiingia hupewa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa. Huletwa kwenye kikapu kidogo, anatafuna mbili tatu, na mazungumzo yanaanza. Lakini kahawa ni ya mgeni. Mwenye nyumba hamtembezei mwanawe kikapu. Ndiyo maana kwa Mwalimu sisi hatukupewa kahawa kamwe. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwake siku ya kwanza tu ulipewa kisu, na hapo ukawa mtu wa nyumbani.

Basi siku ukimwona anakuja na kikapu upande wako, ulijua umeshakuwa mgeni. Unaondoka. Unaondoka kwenda wapi, hakusema. Huenda unapandishwa timu kubwa. Huenda unarudishwa kwa wazazi wako na shukrani za klabu. Orodha ya waliopanda ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa ofisi, na kuanzia Jumamosi mchana mpaka wakati huo ulikuwa unatafuna buni bila kujua unasherehekea au unaomboleza. Kuna aliyetapika. Kuna aliyethubutu kuuliza, akajibiwa, "Kahawa ni kahawa."

Mimi nilimuuliza siku moja kwa nini asiseme tu. Alinijibu akiwa anahesabu mipira, ambayo ilikuwa minne na aliihesabu kama ng'ombe. "Anayepanda akijua Jumamosi, Jumapili atalewa. Anayeachwa akijua Jumamosi, Jumapili haendi kanisani. Nawapa wote Jumapili moja ya kawaida." Nilimwambia hakuna Jumapili ya kawaida kwa mtu aliyepewa kahawa. Akasema hilo ni kati yake na Mungu wake.

Sisi Wahaya tunasemwa kwa kujisifu, na sitawakanusha wanaotusema wakati namwandika mtu huyu. Kwetu sisi vijana alipiga marufuku majivuno; ukishangilia bao zaidi ya hatua tano unakimbia uwanja mara kumi. Yeye mwenyewe alikuwa na bao lake moja la ujanani, na alilisimulia kila mwaka. Nilipojiunga lilikuwa limefungwa kutoka nje kidogo ya eneo la penalti. Nilipoondoka lilikuwa linafungwa kutoka katikati ya uwanja, na upepo wa ziwa ukiwa kinyume. Waamuzi aliwasemesha Kiingereza tu, kirefu, cha kanisani, na niliwahi kuona refa akimwomba radhi kwa kona aliyoitoa sawasawa.

Na mechi za timu kubwa hakuzitazama. Mtu aliyetumia maisha yake kulea wachezaji wa timu ile, siku ya mechi alisimama nje ya ukuta wa uwanja, mgongo kwenye tofali, anatafuna kahawa. Nilimkuta hapo siku moja nikamuuliza kama amekosa tiketi. "Nikiingia nitaona makosa," alisema. "Hapa nasikia tu watu wanafurahi." Nilisimama naye mpaka mwisho. Tulifungwa, lakini kwa sauti haikuwa mbaya.

Aliogopa maji pia, na hilo ni aibu kwa mtu aliyekaa miaka yote ile anaona ziwa akifungua dirisha. Hata hivyo wachuuzi wa dagaa walipomletea habari za beki mmoja hatari katika visiwa vya Muleba, alitubeba watatu twende tukamwone. Alipanda boti na mkungu wa ndizi. Akakaa chini kabisa, macho kafumba, rozari mkononi, na kila wimbi lilipopiga ubao aliruka kutoka fumbo moja hadi jingine bila kumaliza.

Uwanja wa kisiwani ulikuwa mteremko unaoishia majini, na kando yake dagaa wameanikwa. Sheria yao ilikuwa fupi: anayepiga mpira ukaingia ziwani, anauogelea. Sijaona tena watu wanaopiga pasi za uhakika namna ile. Beki mwenyewe alikuwa mrefu, mkimya, na Mwalimu akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampa kisu na ndizi.

Kijana alikuwa hajamenya ndizi mbichi maishani mwake. Kwao walikuwa wageni visiwani, watu wa ugali na dagaa. Aliichonga ndizi kama anayechonga kalamu, akabakiwa na kitu cha ukubwa wa kidole. Mwalimu akatazama ziwa alilovuka kwa mateso yote yale, akakirudisha kisu kwenye kitambaa. Jioni tukiwa tumekata tamaa, tulimkuta yule kijana amekaa na baba yake, anashona wavu uliochanika huku wanabishana kuhusu bei ya mafuta ya injini. Mikono inakwenda, macho yako kwa baba yake. Mwalimu akanikamata bega. "Tumempata," alisema, na nusura alie.

Baba alikuwa na swali moja: nyavu zangu atashona nani? Wakakubaliana kwamba kijana atakuja Bukoba wakati wa mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hupumzika, na giza likirudi naye arudi kisiwani. Kwa msimu mzima Mwalimu alikuwa akipanga mechi za kirafiki kwa kutazama mwezi. Klabu nyingine walidhani ni ushirikina, wakaanza kutuogopa, na hilo nalo hakulikanusha.

Lakini hila yake kubwa ilikuwa ya mdomo.

Kocha wa timu kubwa wa wakati ule alikuwa mtu mkaidi, aliyetaka kila wazo liwe lake. Mwalimu alimsifia kijana mmoja, akaachwa. Akamsifia wa pili, akaachwa. Alipofika kwa wa tatu akachoka, akasema mbele ya kocha kwamba kijana yule ni mzigo na heri uwanjani asimamishwe mgomba. Wiki iliyofuata mgomba ukaanza kwenye kikosi cha kwanza. Tangu hapo Mwalimu hakumsifu mtu mbele ya kocha isipokuwa yule anayetaka kumuua. Vijana wazuri aliwaita mbuzi, mizigo, magunia ya chumvi ya kupelekwa visiwani. Na kocha, akifurahi kwamba ameona kilichofichika machoni pa mzee, aliwachukua mmoja mmoja. Yule wa visiwani alipanda kwa tusi refu kuliko yote niliyowahi kusikia.

Sisi tukawa tunagombea matusi. Ukitukanwa vizuri Ijumaa, ulitembea Kashai nzima kifua mbele. Ukisifiwa, ulirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Kisha yule kocha akaondoka, akaja mwingine. Alikuwa kijana, mpole, ana daftari. Alisimama na Mwalimu pembeni mwa uwanja siku ya tatu tangu afike, na mimi nilikuwa nyuma yao nafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nilimsikia kocha akiniulizia kwa jina. Mwalimu alitafuna buni moja kwanza, akaimaliza.

"Huyo moyo anao, mapafu anayo," alisema. "Ila mpira unamfikia kabla hajajua aupeleke wapi. Timu kubwa hafai."

Hafai. Nilisikia neno hilo nikaona mbingu zimefunguka. Nilikimbia mazoezi yaliyobaki nikiwa sigusi nyasi. Jumamosi nikamenya ndizi zangu, nikagongewa mara mbili tu, na zilipokwisha, Mwalimu akaingia na kikapu. Akaja upande wangu. Nikachukua buni tatu kwa mikono miwili, na yeye, nakumbuka, hakungoja nitafune ya kwanza.

Sikusubiri Jumatatu. Nilimwambia mama, na mama akaambia Kashai. Jumapili alichinja kuku wawili, jirani akaleta mitungi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mjomba wangu, baada ya kikombe cha pili, alisimama akatangaza kwamba ukoo wetu umetoa mchezaji wa timu kubwa. Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisini nikiwa nimechana nywele. Orodha ilikuwa na majina matatu, na niliisoma kwa kushuka, kwa kupanda, kisha nikageuza karatasi kuona kama inaendelea nyuma.

Nililia, sina haja ya kuficha. Mama alirudisha mitungi ya rubisi akiwa amejifunika kanga mpaka machoni.

Wenzangu, ambao nilikuwa nimewasimulia neno lile na wakanibatiza Hafai, ndio waliotafuta maelezo. Walisema: mzee amekosea. Amemtukania Hafai kwa kocha mpya akidhani kocha mpya ni kama wa zamani, na kumbe huyu ni mtu wa kuamini anachoambiwa. Maelezo haya yalinipoza mno. Sikuwa mchezaji mbaya. Nilikuwa mchezaji mzuri aliyeuawa na hila iliyokosa shabaha. Nilipotundika daluga na kuingia kwenye bodaboda, jina likanifuata kijiweni, nami nikalipokea kwa mikono miwili. Niliandika HAFAI kwa rangi nyekundu kwenye bampa ya nyuma. Abiria akiuliza, alipata hadithi nzima kutoka Kashai hadi sokoni, na mara nyingi alishuka akinionea huruma.

Miaka ikapita. Magoti ya Mwalimu yakamkatalia, akaamua kurudi shambani kwake Kaagya kwenye migomba na mibuni. Viongozi walipomuuliza nani ashike vijana, alitaja jina langu, kisha akanitumia filimbi kwa mtu wa basi, bila barua. Mimi nikaelewa mara moja. Hii ni fidia, nilijiambia. Mzee anajua alichonifanyia.

Nikafanya kazi kama alivyofanya. Kisu, ndizi, kigoda. Kahawa ya Jumamosi, orodha ya Jumatatu. Na kocha wa timu kubwa alipokuja kuniuliza habari za vijana, niliwatukana kwa ustadi niliorithi. Nilikuwa na watano niliojiambia ni wazuri, wawili wa Muleba, na kiungo mmoja ambaye nilimwona kwa ndizi ya kwanza kwamba kisu na mkono wake ni kitu kimoja. Huyo nilimtukana kuliko wote.

Misimu miwili ikapita, hakupanda hata mmoja. Mama wa yule kiungo alianza kuniangalia vibaya nikipita. Mwishowe alinisimamisha mbele ya duka. "Mwalimu, mwanangu ana miaka kumi na tisa," alisema. "Kama hafai niambie akajifunze ufundi. Kama anafaa, kwa nini anakaa tu?" Nilimwomba wiki moja. Jumamosi iliyofuata niliwasha bodaboda nikaenda Kaagya kumwuliza mwenye hila jinsi hila inavyotumika, na ndani ya swali hilo kulikuwa na jingine ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote.

Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, koti lile lile, fimbo kati ya magoti. Alikuwa na wageni wawili, wazee wa kigango. Alizunguka bodaboda yangu kwa macho, akafika kwenye bampa.

"Hiyo umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Maandishi mazuri," alisema, akawageukia wazee.

Nilikuwa nimeleta sukari kilo mbili na sabuni, nikamkabidhi Mae, nikakaa na wageni kama inavyotakiwa. Mwalimu akachukua kikapu mezani, akajiinua kwa fimbo. Akampa mzee wa kwanza. Akampa wa pili. Nikatanguliza mikono yangu miwili, na kikapu kikanipita hivi, kikarudi mezani.

"Wewe nenda jikoni," alisema. "Ndizi hazijamenywa."

Wazee walinitazama kwa mshangao, mtu mzima mwenye filimbi shingoni. Nilikwenda nimenuna. Mae alinyoosha kisu kuelekea kigoda, akaendelea na zake, na tukamenya mpaka tukasikia wageni wanaaga. Kisha fimbo ikaja ikigonga chini, polepole, na Mwalimu akaegemea mwimo wa mlango.

"Nimekuja na swali," nilisema.

"Menya. Swali haliozi."

Nikamweleza nikiwa namenya. Vijana watano, misimu miwili, matusi yote.

"Umewaitaje?"

"Mizigo. Mbuzi. Mmoja nimemwita gunia la chumvi."

"Hilo ni langu."

"Nimeazima, Mwalimu."

"Na kocha anasemaje?"

"Anatikisa kichwa, ananishukuru, halafu hawachukui."

"Ni mtu wa kusikiliza?"

"Sana."

Alifumba macho kama siku ile kwenye boti. "Sasa nani alikufundisha kumtukania mtoto wa watu kwa mtu anayesikiliza?"

"Wewe," nilisema, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Ndivyo ulivyonifanyia mimi. Ulimwambia yule kocha wa daftari kwamba sifai, ukidhani atafanya kinyume."

Mae aliacha kumenya.

"Nani alikwambia nilidhani hivyo?" Mwalimu aliuliza.

"Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Yule kijana alikuwa anaandika. Nilimjua siku ya kwanza. Mtu anayeandika utamdanganya vipi, si atakusomea baadaye?" Alihamisha uzito kutoka goti moja hadi jingine. "Nilikuita mbuzi siku ile?"

"Hapana."

"Gunia?"

"Hapana."

"Nilisema moyo unao, mapafu unayo. Nilitafuta maneno, omwana wange. Nilimwambia kweli."

Nitasema wazi kwamba niliumia kuliko ile Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ile nilipata mtu wa kumlaumu. Niliwaza abiria wote walionihurumia kutoka Kashai hadi sokoni. Nikawaza ile rangi nyekundu kwenye bampa, na mimi nikiipaka upya kila Krismasi.

"Na filimbi?" niliuliza. "Nilidhani ni fidia."

"Fidia ya nini?" Alishangaa kweli. "Filimbi nilikupa kwa sababu ya maandazi."

"Ulijua habari ya maandazi?"

"Jikoni ni kwangu. Mimi nilihitaji ndizi tano kumjua mtu. Wewe ndizi moja, na mdomo umejaa." Alitia mkono kwenye mfuko wa nne wa koti, akatoa kifungu cha jani la mgomba, akakisukumiza kwenye mfuko wa shati langu kwa sababu mikono yangu ilikuwa na utomvu. "Hizo si zako. Ni za kuwapa. Jumatatu nenda kwa huyo kocha, umwambie kila mtoto na kweli yake."

"Na yule asiyefaa?"

"Kwa huyo usitume mtu, mwambie mwenyewe. Tafuta maneno."

Yule kiungo nilikuwa namwona mbele yangu, na mama yake mbele ya duka, na nilijua nitakachosema Jumatatu. Nilikubali pia kwamba watatu kati ya watano, ndizi ya kwanza ilishaniambia, hawafai, na ndio nitakaowatafutia maneno, na nilianza kuyatafuta pale pale. Nikachukua ndizi nyingine. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu, kwa hiyo Mwalimu aligonga mwimo kwa fimbo.

"Unaona?" alisema. "Bado unaangalia kisu."

Nikainua kichwa nikamtazama, na kisu kikanikata kidole kwenye ndizi ile ile. Mae aliniletea kipande cha jani nifute damu, akatazama rundo lililobaki chini.

"Bado kumi na mbili," alisema.